Kwa nini mtaala wa uhandisi huandikwa kuanzia mwisho?

"Mwisho wa kozi hii mwanafunzi ataweza…" Sentensi hiyo imo kwenye mihtasari ya kozi za vyuo vikuu, na wanafunzi wengi huiruka ili wafike haraka kwenye mada na tarehe za test. Wanaruka kitu kikubwa. Hayo ndiyo matokeo ya ujifunzaji, na mtaala wa uhandisi au kompyuta ulioandikwa vizuri huanzia hapo: kwanza inaamuliwa mhitimu aweze kufanya nini, kisha atapimwaje, na mada ndizo hupangwa mwisho.

Haikuwa hivyo siku zote. Kule Marekani, ABET, bodi inayoithibitisha mitaala ya uhandisi, kwa miaka mingi ilikagua zaidi kile kilichofundishwa: hisabati kiasi gani, sayansi kiasi gani, usanifu kiasi gani. Waajiri wakalalamika kwamba vijana wanapiga hesabu vizuri, lakini kufanya kazi na wenzao au kuandika ripoti inayoeleweka ni shida. Mwaka 1996 ABET ikapitisha vigezo vipya, na swali likawa: mhitimu anaweza nini? Matokeo yaliyotakiwa yalikuwa 11. Siku hizi ni 7, na kati yake yamo maadili, kazi ya timu na uwezo wa kujifundisha jambo jipya. Tayari mwaka 1989 mashirika ya nchi sita yalikuwa yametia saini Mkataba wa Washington wa kutambuliana shahada za uhandisi, na huwezi kulinganisha shahada za nchi mbili kwa majina ya kozi tu.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye mradi wa mwaka wa nne. Chukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kile kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, anayetaka kutengeneza kipima mvua kwa ajili ya wakulima wa viazi wa Isongole. Ni wilaya ya Rungwe, ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndani ya chombo kuna kibakuli chenye pande mbili. Upande mmoja ukijaa maji yanayolingana na milimita 0.2 ya mvua, kinapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, na kompyuta ndogo inahesabu moja.

Kwenye desa, yaani notisi za kozi, hesabu ni nyepesi: idadi ya mipinduko mara 0.2. Shambani mambo ni mengine. Vipande vya chuma vya swichi vikigusana hurukaruka kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia, na kompyuta inayosoma maelfu ya mara kwa sekunde huhesabu mpinduko mmoja kama miwili au mitatu. Mvua ya milimita 30 inaandikwa 70. Aliyefundishwa kueleza tu anaipokea namba hiyo kwa sababu imetoka kwenye mashine. Aliyefundishwa kupima anachukua bomba la sindano, anamimina maji ya kiasi anachokijua, analinganisha, anagundua kasoro, kisha anaiambia programu ipuuze ishara zote zinazofuata ile ya kwanza kwa milisekunde kadhaa.

Hajamaliza. Mvua ya milimita 60 kwa saa inapindua kibakuli mara 300, yaani kila baada ya sekunde 12. Ukituma SMS kwa kila mpinduko, salio na betri havitafika mbali, na mabondeni mtandao nao unakatika. Afadhali data zihifadhiwe kwanza, zijumlishwe, ndipo zitumwe. Na mkulima hataki grafu. Anataka kujua kama mvua ya usiku imeosha dawa ya ukungu aliyopulizia jana. Kumsikiliza na kumjibu kwa lugha yake ni sehemu ya uhandisi wenyewe, na ndiyo maana mawasiliano yamo kwenye yale matokeo 7.

Sasa angalia vitenzi vinavyotumika kuandika matokeo hayo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, na wenzake walipanga malengo ya elimu kwa ngazi. Katika toleo lililorekebishwa mwaka 2001, kukumbuka kuko chini na kubuni kuko juu kabisa. "Taja" na "eleza" hujibiwa kwa kupiga msuli usiku mmoja. "Buni" na "tathmini" hudai maabara, vifaa na muda. Muda umetengwa: kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka una krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka minne ni saa 4,800, ukijumlisha maabara na kujisomea. Mimi naona ni uonevu saa hizo kuishia kwenye kukariri.

Kama unasoma sasa, chukua muhtasari wa kozi yako na karatasi ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ya mwaka jana, uviweke pamoja. Muhtasari ukisema "kubuni" na karatasi nzima ikawa "taja" na "eleza", nenda kwa mhadhiri, umuulize kwa heshima ni kazi gani ya semista hii itakayopima kubuni. Ni swali halali, kwa sababu ahadi hiyo imeandikwa na chuo chenyewe.