Mtoto wa Masomo ya Nyumbani Asiyependa Kuandika: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Somo lisiloacha maandishi daftarini halijafundishwa.

Hii ni dhana ya darasani. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hawezi kumsikiliza kila mmoja akieleza alichoelewa, kwa hiyo hutegemea madaftari. Wewe unayesomesha nyumbani una mtoto mmoja au watatu, na nafasi ya kuwasikiliza. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, aliwataka watoto wa miaka sita wasimulie kwa mdomo walichosomewa, na usimulizi wa kuandika akaungojea hadi wafike kama miaka kumi. Mtoto aliyelelewa kwa paukwa pakawa hana ugeni wowote na kazi hiyo.

Dhana: Kila somo lipate zoezi lake la kuandika kila siku.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Muhtasari wa sayansi, aya ya historia, insha ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza: kila zoezi peke yake ni dogo, lakini mkono unaoyaandika yote ni mmoja. Kwa mtoto anayekwepa kalamu, panga kazi moja tu ya kutunga kwa siku, nayo izunguke: Jumatatu sayansi, Jumatano historia, Ijumaa insha. Siku zinazobaki, imla fupi au kunakili sentensi chache kunatosha. Masomo mengine yajibiwe kwa mdomo, kwa ramani, kwa jedwali au kwa mchoro wenye majina ya sehemu.

Chukua mbegu za maharagwe zilizowekwa juu ya pamba yenye maji. Kila asubuhi mtoto anachora anachokiona, anaandika tarehe na urefu kwa sentimita, basi. Siku mzizi unapochungulia hutahitaji kumsukuma aseme. Atakuja mbio kukuita. Andika maneno yake kama anavyoyatamka. Ijumaa, michoro na maneno hayo ndiyo anayoyapanga kuwa insha ya maelezo, na insha hiyo ihesabiwe kwa sayansi na kwa Kiswahili pia. Hakuna haja ya kumtafutia mada nyingine.

Dhana: Ni mvivu.

Neno hili silikubali. Kuandika ni kazi kadhaa kwa mpigo: kuwaza, kupanga sentensi, kukumbuka tahajia na kuunda herufi. Anayetumia nguvu zake zote kwenye herufi habakiwi na nguvu za kuwaza. Zitenganishe kazi hizo: leo aseme wewe uandike, kesho anakili sentensi zake mwenyewe mbili tatu. Lakini kama anasimulia vizuri na bado, licha ya mazoezi ya muda mrefu, hati haisomeki, mkono unamuuma na ukurasa una maneno manne tu, mpeleke kwa mtaalamu. Huenda ni disgrafia, yaani tatizo la kujifunza linalofanya kuandika kuwe kugumu, nayo haimaanishi kwamba akili yake ni pungufu.

Dhana: Asipoandika kurasa nyingi sasa, atafeli mitihani.

Hofu hii naielewa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), karatasi ya kwanza ya Kiswahili hudai insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja, kwa saa 1 na dakika 45. Hicho ni kipimo cha mwanafunzi wa kidato cha nne, si cha mtoto wa miaka tisa. Kwa sasa mtafutie aya moja iliyopangika, urefu utakuja. Akikaribia miaka kumi na mitatu, anza kumpa mazoezi yenye muda maalumu, kwa sababu kuandika huku saa inakwenda nako hujifunzwa.

Dhana: Kila kosa lisahihishwe, somo lolote liwe.

Kwenye sayansi, sahihisha hoja na tahajia ya msamiati mpya tu. Kwenye insha, chagua jambo moja kwa wiki, mathalani nukta na herufi kubwa, na kalamu nyekundu isiguse mengine.