Kiatu cha Baiskeli Kikibana Dukani, Kiache Dukani: Maswali na Majibu

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ya kila siku ni kufunga vidonda. Jumatatu hapa Dodoma huwa ni siku ya miguu. Waendesha baiskeli wa mazoezi wameongezeka, alfajiri ya Jumapili unakutana nao kwenye barabara ya Chamwino, wengine wameelekea Bahi, wengine Iringa. Nafurahi sana kuwaona, maana presha na sukari vinataka mazoezi ya namna ile. Kinachonichosha ni kuona mtu mwenye afya njema anachechemea kuja kwangu kwa sababu ya kiatu alichokinunua kwa hela yake mwenyewe. Maswali haya huwa wananiuliza wakiwa wamekaa kitandani, mimi nikiwavua soksi.

Sista, viatu vya baiskeli vina tofauti gani na raba za kawaida?

Soli yake ni ngumu, haikunjiki. Ukikanyaga pedali, nguvu yote inakwenda kwenye pedali badala ya kupotea kwenye mpira laini. Vingi vina matundu chini ya kufungia kliti, yaani kile kipande cha chuma au plastiki kinachonasa kwenye pedali maalumu. Faida yake ipo, sikatai. Lakini raba ikikubana, angalau inajikunja pamoja na mguu. Hiki hakijikunji. Kama mguu na kiatu havipatani, atakayeumia ni mguu.

Muuzaji aliniambia kikibana kidogo ndiyo vizuri, kitaachia nikishakizoea. Ni kweli?

Hapana. Hakitaachia.

Nalijibu swali hili kila wiki na nitaendelea kulijibu. Kiatu cha ngozi halisi kinaweza kutanuka kidogo kwa upana baada ya muda. Kwa urefu, hakiongezeki hata kidogo. Na viatu vingi vya baiskeli siku hizi si vya ngozi, ni vya plastiki na kitambaa kigumu, vimetengenezwa makusudi visitanuke. Kama kidole gumba kinagusa mbele ukiwa umesimama dukani, kitagusa leo, kitagusa mwezi ujao, kitagusa mpaka ukucha uwe mweusi na kung'oka.

Fanya hesabu. Mtu anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika, kwa saa moja kila mguu umesukuma mara 4,800. Sehemu ndogo iliyokubana dukani kwa dakika mbili ukaivumilia, itasuguliwa mara 4,800 kabla hujafika hata nusu ya safari yako. Kwa hiyo ndugu yangu, kikibana dukani, kiache dukani. Hakitaachia.

Nikiendesha kama nusu saa vidole vinakufa ganzi. Si uchovu tu?

Si uchovu. Misuli ndiyo inayochoka, na uchovu wa misuli si ganzi. Kati ya mifupa mirefu ya unyayo zinapita neva zinazokwenda vidoleni. Kiatu chembamba kinaibana mifupa hiyo pamoja, neva zinaminywa katikati, ndipo unasikia ganzi, au moto unaowaka chini ya unyayo, au kama umekanyaga kokoto wakati ndani ya kiatu hakuna kitu.

Simama, legeza mikanda, vua kiatu, chezesha vidole. Ganzi inatakiwa iondoke ndani ya dakika chache. Ikiondoka, tatizo ni kiatu au ulivyokaza mikanda. Wengi wanakaza asubuhi kukiwa na baridi na hawalegezi tena, wakati mguu unavimba kadiri jua linavyopanda, hasa Oktoba na Novemba. Ikiwa imefika jioni na ganzi bado ipo, au inakujia hata siku ambayo hukuendesha, nenda kituo cha afya. Usisubiri Jumapili nyingine uone kama itarudi.

Nipime vipi mguu wangu?

Pima jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na kutembea, maana mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Weka karatasi sakafuni ukutani, kisigino kiguse ukuta, simama na uzito wako wote. Usipime umekaa. Mwenzako aweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili. Kisha aweke alama pande zote mbili pale unyayo unapopanuka. Pima miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kidogo, na kiatu kinanunuliwa kwa ajili ya huo mkubwa.

Dukani nenda na soksi unazoendeshea. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama milimita 5 hadi 10. Vidole viweze kupanda na kushuka. Kisigino kisichomoke ukinyanyua mguu. Pembeni, pale kidole kidogo kinapoanzia, usisikie kitu chochote kinakugusa kwa nguvu. Kaa navyo robo saa, si dakika moja ya kuheshimu muuzaji. Kama ana baiskeli ya kujaribia, panda.

Mimi siku zote navaa 42. Si nichukue 42 tu?

Namba ya kiwanda kimoja siyo ya kiwanda kingine. Chukua kinachokutosha, hata kama kimeandikwa 43. Ila jueni na hili: kupanda namba moja kunaongeza urefu kwa karibu milimita 7, upana unaongezeka kiduchu tu. Mwenye unyayo mpana akikimbilia namba kubwa anapata kiatu kinachoyumba kisigino na bado kinambana pembeni. Huyo aulize kiatu cha mguu mpana, viwanda kadhaa vinatengeneza.

Vya mtumba pale Sabasaba je?

Sina ugomvi na mtumba. Chomoa ile soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake. Vidole au ubavu wa unyayo vikizidi kingo zake, rudisha. Angalia pia alama ya mguu wa mwenye nacho wa kwanza. Kama shimo la kidole chake halipo chini ya kidole chako, kiatu hicho kimeshachukua umbo la mtu mwingine. Osha ndani, anika kikauke kabisa, fangasi wanapenda unyevu.

Na angalia matundu ya chini. Yakiwa matatu ni ya pedali za barabarani na kliti inatokeza nje, utateleza kwenye vigae na kutembea kama mwenye visigino mbele. Yakiwa mawili, kliti kwa kawaida imezama ndani ya soli na unaweza kushuka ukatembea. Kwa njia zetu za vumbi, kokoto na miiba, ambako lazima ushuke usukume, mimi ningechagua ya mawili.

Mimi natembeza maji kwa baiskeli, navaa ndala. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kaka, ingawa huhitaji kliti wala kiatu cha bei. Soli ya ndala ni laini, chuma cha pedali kinapenya mpaka kwenye unyayo, na vidole viko wazi kwa mnyororo na miiba. Tafuta kiatu cha kufunika chenye soli ngumu kiasi, kisichokubana. Kamba zake zichomeke ndani zisishikwe na mnyororo.

Tangu nifunge kliti goti linauma.

Kliti imefungwa imepinda, goti linalazimika kufuata. Mrudie fundi. Ikae chini ya pale unyayo unapopanuka, au nyuma kidogo, na kisigino kielekee kinavyoelekea chenyewe unapotembea. Kuisogeza nyuma kidogo husaidia pia wenye ganzi.

Lengelenge nitoboe?

Usitoboe. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji nzuri kuliko zote nilizonazo kabatini. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, acha kuvaa kiatu kile. Likipasuka lenyewe, osha, funika, badilisha kila siku. Wembe, hapana. Majivu, hapana. Dawa ya mswaki, hapana. Unga wa kapsuli za rangi mbili, hapana kabisa. Unatengeneza gamba juu, usaha unabaki chini, na mimi naanza kwa kubandua lile gamba nawe unalia. Ukiona wekundu unasambaa, joto, usaha au homa, njoo. Kidonda kikiingia udongo, ulizia na chanjo ya pepopunda.

Nina kisukari na daktari amesema nifanye mazoezi. Nina kidonda kidogo kidoleni lakini hakiumi. Kinaweza kusubiri?

Hakiwezi. Njoo leo.

Baba mmoja mtu mzima alikuja kwangu baada ya wiki tatu. Viatu vizuri, vipya, vyembamba. Alishauriwa kwamba vitaachia. Soksi ilikuwa imegandana na kidole kidogo, nikaimwagia maji ya dripu taratibu, naivuta nyuzi kwa nyuzi, na yeye muda wote anaongea na simu, anamwelekeza mtu njia ya kwenda Nzuguni. Hakukunja hata uso. Alipomaliza nikamwomba afumbe macho, nikamgusa kidole gumba kwa pamba. Nikagusa cha pili. Nikagusa unyayo. Akaniuliza, "Sista, utaanza saa ngapi?"

Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu inaharibu neva za miguu. Mguu hauumi kwa sababu hausikii, si kwa sababu ni mzima. Na mishipa ya damu nayo inakuwa imedhoofika, kidonda kinachelewa kupona, usaha unapata nafasi ya kushuka mpaka kwenye mfupa. Baba yule alikatwa kidole. Angekuja siku ile ya kwanza alipoona doa la damu kwenye soksi, ningemfunga bandeji, ningemwambia abadilishe viatu, na leo angekuwa na vidole kumi.

Basi narudia kwa wote wenye kisukari. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Kidonda chochote cha mguuni, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, siku hiyo hiyo kituoni. Si kesho, si mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, si baada ya kujaribu kapsuli kwanza. Siku hiyo hiyo. Na kila jioni vua viatu, angalia unyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri weka kioo chini au mwite mtoto akuangalizie. Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla hujavaa, kokoto moja inatosha. Kabla ya kununua kiatu kigumu cha baiskeli, onyesha miguu kwa daktari wako kwanza, apime kama inasikia. Kwako wewe jibu la "mbona hakinibani" halina maana, kwa hiyo amini karatasi na rula, usiamini mguu.

Nimeshanunua, laki na nusu, na vinabana. Nifanyeje?

Legeza mikanda, jaribu soksi nyembamba, chomoa soli ya ndani kama ni nene uweke nyembamba, sogeza kliti nyuma. Kama tatizo lilikuwa dogo la upana, hapo utaona nafuu. Ukivaa robo saa nyumbani jioni na bado vidole vinagusa mbele, usimpelekee fundi viatu avitanue, soli ngumu haina anachoweza kuifanya. Mrudishie muuzaji, au muuzie rafiki mwenye mguu mdogo kuliko wako, na yeye mpime kwanza jioni, amesimama.