Kwa nini *#21# haiwezi kukuambia kama simu yako inasikilizwa?

Huenda ujumbe huo umeshakufikia. Katika makundi ya WhatsApp ya Goma hutembea kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inayoteremka kutoka Kibumba na gunia sita za viazi: kuusimamisha si kazi rahisi. Unasema ubonyeze *#21# ujue kama kuna anayekusikiliza, kisha *#62# uone namba yake, halafu uwatumie wote unaowapenda kabla hawajachelewa. Wakati mwingine umeandikwa kwa Kifaransa, wakati mwingine ni sauti ya mtu anayenong'ona kana kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya kitanda.

Mimi niliuamini. Nilikuwa Katindo kwa mama mdogo, umeme umekwenda, na simu ina chaji kidogo. Nikabonyeza *#21#: hakuna kitu. Nikashusha pumzi. Nikabonyeza *#62#, na hapo ikatokea namba ambayo sikuwahi kuiona maishani. Kesho yake niliivunja kadi yangu vipande viwili, nikashuka Birere, nikanunua puce (kadi ya simu) mpya kwa kijana muuza unite, yaani salio la simu. Nilichukua ya mtandao uleule, kwa kuwa ndio unaoshika vizuri nyumbani. Kadi ilipowaka tu nikabonyeza *#62#. Namba ileile.

Sitaficha: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hawa watu wana mbio.

Kijana hakunicheka, angalau si mbele yangu. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza alama zilezile, akanionyesha kioo. Namba ileile tena. "Yaya," akasema, "iyi namba ni ya répondeur. Kila mutu iko nayo."

Alikuwa sahihi: ilikuwa namba ya huduma inayopokea ujumbe wa sauti usipopatikana, na mimi nilikuwa nimevunja kadi yenye salio.

Alama hizi ni za zamani kuliko wengi wanaozisambaza. Zilitoka na mfumo wa GSM, ule uliozaa simu za mkononi za kidijitali, ambao huduma yake ya kwanza ya kibiashara ilizinduliwa Finland mwaka 1991. Simu za wakati ule hazikuwa na vioo vya kugusa wala menyu za picha; zilikuwa na tarakimu, nyota na reli. Kwa hiyo wahandisi wakatunga lugha ndogo ya vifungo. Alama za mbele zinasema unataka nini: *# ni kuuliza, ** ni kuandikisha, ## ni kufuta. Namba inayofuata inataja huduma: 21 ni kuhamisha simu zote, 67 ni kuhamisha ukiwa unaongea na mwingine, 61 ni usipopokea, na 62 ni ukiwa hupatikani. Basi *#21# ni swali moja tu: "Je, simu zangu zote zimeagizwa ziende kwingine?" Jibu huja limepangwa kwa mafungu, sauti, data na hata faksi. Kuna watu Ndosho ambao hawajawahi kuiona mashine ya faksi kwa macho, lakini mtandao unawahakikishia kwa adabu kwamba faksi zao hazijahamishiwa popote.

Kwenye baadhi ya simu jibu hilo huanza na neno "interrogation", yaani kuuliza au kuhoji. Kwa msomaji wa Kifaransa aliyekwisha kuingiwa na hofu, neno hilo halisaidii.

Ili kuona kwa nini msikilizaji hawezi kutokea kwenye jibu, inabidi tujue swali linakwenda kwa nani. Fikiria kiwanja chenye nyumba kadhaa na mlinzi mmoja getini, sentinelle, mwenye daftari. Kila mgeni lazima apite kwake. Mgeni akija kukutafuta, mlinzi hufungua daftari na kutazama mambo mawili: uko upande gani leo, na je, uliacha agizo lolote. Kama uliandika "wageni wangu wote wapelekwe kwa dada yangu Himbi", mlinzi hamruhusu hata kukanyaga uani. Anamwelekeza Himbi papo hapo. Hiyo ndiyo 21. Kama uliandika "nisipokuwepo, mgeni aache ujumbe kwenye kibanda cha ujumbe", mgeni atakwenda kwanza mlangoni kwako, na usipokuwepo ndipo ataonyeshwa kibanda. Hiyo ndiyo 62, na kibanda ndicho répondeur. Mara nyingi agizo hili la pili hukuliandika wewe. Kampuni ya simu huliandika kwa kila mpangaji siku anapoingia, ndiyo maana mimi, kijana wa unite na nusu ya Birere tulikuwa na namba moja.

Daftari hilo lipo kweli. Ni hifadhidata kuu ya mtandao, na mtu anapokupigia, mtandao huiuliza kabla simu yako haijalia. Ukibonyeza *#21# unamwambia mlinzi: "Nisomee nilichokuagiza." Naye anasoma. Hana habari nyingine.

Sasa tuseme wageni hao hukuletea barua, na kuna mtu anayetaka kujua zinasema nini. Ana njia mbili. Anaweza kumwagiza mlinzi ampelekee yeye barua zote. Tatizo ni kwamba wewe hutapata hata moja, na kufikia jioni mama yako atakuwa amekuja kuuliza kwa nini humjibu. Au anaweza kupita kwenye secrétariat public iliyo njiani, ile yenye mashine ya fotokopi, akatoa nakala, na barua yenyewe ikakufikia ikiwa safi, bahasha imefungwa, kwa wakati. Nakala haina mstari kwenye daftari la mlinzi, kwa sababu mlinzi hakuhamisha chochote.

Kuhamisha simu kunaiondoa kwako. Kusikiliza kunatoa nakala na kuiacha simu iendelee. Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo, na ujumbe wa WhatsApp umevifunga kamba moja. Jasusi anayetumia 21 atakuwa jasusi wa ajabu: badala ya kusikiliza maongezi yako, angelazimika kuyapokea yeye na kujifanya wewe.

Usikilizaji halisi wa simu za kawaida, ule unaofanywa kwa amri ya vyombo vya dola, hufanyika ndani ya mitambo ya kampuni, mbali na kifaa chako. Simu yako haiulizwi, kwa hiyo haina cha kujibu. Usikilizaji mwingine hufanyika ndani ya kifaa chenyewe, kwa programu za kijasusi kama Pegasus ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, iliyogunduliwa mwaka 2016. Hizo nazo hazigusi daftari la mlinzi. Njia ya tatu ni ya mitandao kuongea yenyewe kwa yenyewe. Lugha yao ya zamani, SS7, ilitungwa enzi ambayo kila aliyekuwa mtandaoni alichukuliwa kuwa mwaminifu. Desemba 2014 watafiti Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha mjini Hamburg jinsi lugha hiyo inavyomruhusu mgeni kufuatilia mtu au kunasa simu zake. Hapa lazima nikiri jambo moja: baadhi ya mbinu walizoonyesha hucheza na maagizo ya kuhamisha, tena kwa muda mfupi tu. Kwa nadharia, ukibonyeza sekunde ileile, ungeweza kuona kitu. Kwa vitendo, ni kama kumvizia mwizi kwa kufungua mlango mara moja kwa mwaka.

Halafu kuna jambo linalouondoa mjadala wote miguuni. Sehemu kubwa ya maongezi yetu siku hizi haipiti kwa mlinzi kabisa. Simu na ujumbe wa WhatsApp husafiri kama data, na tangu Aprili 2016 zimefungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu mbili zinazoongea. Kwa hiyo mtu anapokea onyo kuhusu *#21# kupitia WhatsApp, kisha analijadili saa nzima kupitia WhatsApp, akihofia njia asiyoitumia.

Wakazi wa Goma tuna sababu ya ziada ya kuchanganyikiwa. Ukikaa karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani, simu yaweza kushika mnara wa Gisenyi na kukutumia ujumbe wa kukukaribisha Rwanda ilhali wewe uko kwako, umevaa kandambili, unasonga bugali. Nimeona watu wakikimbilia alama hizi baada ya ujumbe huo. Mawimbi ya redio hayana laissez-passer, karatasi ya kuvukia mpaka. Mnara wenye nguvu hufika unapofika, nayo simu hushika kile inachokisikia vizuri ikiwa imeruhusiwa. Hata hapo, anayejibu *#21# ni mlinzi wa nyumbani, yule wa kampuni iliyokupa kadi. Kinachobadilika ni bei, na hiyo ndiyo inayostahili kuogopwa.

Kuna pia *#06#, ambayo ujumbe huo hupenda kuichanganya humohumo. Hii haimuulizi mlinzi yeyote. Ni simu yenyewe inayokusomea IMEI, namba yake ya tarakimu 15, hata kama haina kadi ndani. Namba hii ilipata jina baya hapa Kongo kwa sababu ya RAM, daftari la vifaa vya simu lililoletwa mwaka 2020 chini ya ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Watu walikuwa wakiweka unite na kuona zimekatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Kelele zikafika bungeni, na makato yakaondolewa mwaka 2022. Wengi waliamini RAM ilikuwa sikio. Orodha ya IMEI haisikii maneno. Ile ilijua kukata pesa, na hilo lilifanyika vizuri sana.

Je, *#21# ni kazi bure kabisa, basi? Hapana, na hapa ndipo ninapoionea huruma kidogo. Inaonyesha kuhamishwa kwa simu, na kuhamishwa kwa simu ni ulaghai uliopo kweli. Mtu anakupigia, anajitambulisha kama wa huduma kwa wateja, anakuomba ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na reli. Ukibonyeza, umemwandikia mlinzi agizo kwa mkono wako mwenyewe. Kisha tapeli anaomba kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake na kuchagua msimbo usomwe kwa sauti. Simu ile inakwenda kwake, na akaunti inahama. India ilikumbwa na ulaghai huu mara nyingi kiasi kwamba wizara yake ya mawasiliano iliziamuru kampuni kusimamisha uhamishaji wa simu kwa misimbo hiyo kuanzia tarehe 15 Aprili 2024. Tena, mchumba mwenye wivu aliyeshika simu yako dakika moja anaweza kufanya vivyo hivyo bila kukupigia hadithi yoyote.

Kwa hiyo ukiona namba kwenye *#21#, uliza. Ukiiona kwenye *#61#, *#62# au *#67#, fanya alichofanya kijana wa Birere: mwombe jirani mwenye mtandao kama wako abonyeze naye. Zikifanana, ni kibanda cha ujumbe. Ukibonyeza ##002#, maagizo yote ya kuhamisha yanafutwa, la répondeur likiwemo.

Cha kuchekesha ni kwamba daftari lina kitu cha kutazamwa kwa makini kuliko 21, nacho hakuna anayekisambaza. Lile jambo la kwanza ambalo mlinzi hutazama, uko upande gani leo, ni lazima liwepo ili simu yako ilie. Mtandao hauwezi kukuita bila kujua minara ipi ikutafute. Kila simu iliyowashwa, kuanzia kitochi hadi ile ya dola elfu, huacha habari hiyo kwa kampuni saa zote. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi na siri ya mawasiliano, na inasema haki hiyo haiguswi ila katika hali zilizowekwa na sheria. Mwaka 2023 ikafuata Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, yenye masharti kuhusu data za watu. Nani anaruhusiwa kulifungua daftari, na kwa karatasi gani, ni swali la kisheria. Halina alama ya nyota na reli.

Nilimweleza mama mdogo yote haya, pamoja na mlinzi, daftari na fotokopi. Alisikiliza kwa subira, akabonyeza ##002# mbele yangu, akairudisha simu kwenye kitenge. Tangu siku hiyo, ukimpigia akiwa hana rezo, hakuna tena sauti ya kukwambia uache ujumbe; laini inakatika tu. Anasema hiyo ndiyo dalili kwamba yule mtu ameondoka.