Tazama maji kabla ya kutazama ndege

Januari, Mombasa tunagombania kivuli, na kule kaskazini mwa Siberia ardhi imeganda kama jiwe. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini (Calidris ferruginea, kwa wapenda majina ya vitabuni) hawezi kudonoa barafu, kwa hiyo msimu wa baridi wa kwao anaumalizia kwenye matope yetu.

Kumwona vizuri ni hesabu ya maji. Nilijifunza kwa aibu. Zamani niliwapeleka wageni hori ya Mida, karibu na Watamu, saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, nikiamini asubuhi ndiyo saa ya ndege. Maji yalikuwa yamekupwa, ndege wametawanyika mbali, na darubini ikaonyesha nukta tupu. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba chambo akatucheka: "Wanangu, rudini alasiri. Maji yatawaleta."

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kati ya kupwa na kujaa kuna zaidi ya mita 3. Matope yanapofunikwa, ndege husogezwa hatua kwa hatua hadi ukingoni. Basi fika saa nane mchana, jua liwe mgongoni, keti karibu na mikoko, utulie. Usiwafuate! Kila wakikurupuka wanachoma mafuta waliyoyatafuta kwa safari ya kurudi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, sehemu kubwa ya matope haifunikwi, nao hubaki hukohuko mbali.

Nimpendaye ni mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu hakimbii theluji. Huzaliana kwenye fukwe za joto kali za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Majahazi ya Uarabuni yalingoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndipo yang'oe nanga. Yeye huanza kufika Agosti, kusi, upepo wa kutoka kusini, ingali ikimpiga usoni. Kinda huja na mzazi, na hata hapa Mida utamsikia akilia apewe kaa, ilhali kimo wamelingana. Nikiwa na wageni wenye watoto wakubwa, hapo huwa kicheko.

Aprili usikose. Vitwitwi waliokuwa na rangi ya majivu wamegeuka wekundu wa tofali, wamenona, na jioni moja unakuta wameshaondoka.

Si wote, lakini. Wengi wa wale waliozaliwa mwaka uliopita hubaki, kwa kuwa hawajafikia umri wa kuzaa. Julai, sisi tukiwa ndani ya masweta kwa baridi ambayo wageni hawaioni, wao wako matopeni na manyoya yao ya majivu, wanadonoa.