Paka anayeomba chakula mezani: jinsi alivyojifunza, na namna ya kumwachisha

Katika kazi yangu ya udaktari wa wanyama, ambayo kwa sehemu kubwa inahusu tabia za paka wa nyumbani, malalamiko juu ya paka wanaoomba chakula cha watu huja kwa sura nyingi. Yupo anayekaa chini ya kiti na kulia tangu sahani ya kwanza inapowekwa mezani mpaka ya mwisho inapoondolewa. Yupo anayeugusa mkono wa mlaji, mara ya kwanza kwa upole na mara ya tatu kwa kucha. Yupo anayerukia meza na kuchukua kilicho mbele ya mtoto. Wenye paka hawa karibu wote huniambia kwamba paka wao ni mlafi. Mimi huwaomba waliweke neno hilo kando kwa muda, maana linamhukumu mnyama bila kutueleza kinachoiendesha tabia yake, na kinachoiendesha, mara nyingi kuliko zote, ni kwamba tabia hiyo imewahi kumpatia chakula.

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha matokeo ya majaribio ambamo paka wenye njaa walifungiwa ndani ya masanduku ya mbao, huku chakula kikiwa nje mahali wanapokiona. Ili mlango ufunguke, paka alipaswa kufanya tendo fulani, kama vile kuvuta kitanzi au kukanyaga kibao. Mwanzoni alihangaika, akakwaruza, akang'ata, akajaribu kujipenyeza, mpaka kwa bahati akagusa kile kilichoufungua mlango. Aliporudishwa sandukuni tena na tena, vitendo visivyofaa vilipungua na kile kimoja chenye manufaa kikawa kinakuja mapema zaidi. Thorndike alihitimisha kwamba kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Mezani hutokea jambo hilohilo: paka hujaribu kutazama, kulia, kugusa na kupanda, na siku moja mojawapo huleta kipande cha nyama. Tangu hapo anajua kinachofanya kazi katika nyumba hiyo, na kila nyumba humfundisha paka wake namna yake ya kuomba.

Sauti yenyewe ina nguvu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wao kuhusu mngurumo ambao baadhi ya paka huutoa wanapodai chakula. Ndani ya mngurumo wa kawaida ulio mzito walikuta sauti nyembamba ya juu, ambayo kwa masafa yake inakaribia kilio cha mtoto mchanga, na watu waliosikilizishwa rekodi waliuona mngurumo huo kuwa wa dharura zaidi na wa kupendeza kidogo kuliko ule wa paka aliyetulia. Hata watu wasiowahi kuishi na paka waliitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo yule anayeshindwa kuupuuza mwito wa paka wake hana sababu ya kujilaumu. Anaitikia sauti ambayo ni ngumu kwa binadamu yeyote kuipuuza.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha tatizo lote. Familia nyingi huamini kwamba zimekwisha kuchukua hatua kwa sababu sasa zinatoa mara chache tu: kipande kimoja mwisho wa wiki, au siku ambayo paka amelia kupita kiasi na kila mtu amechoka. Kutoa kwa namna hiyo huikomaza tabia. Majaribio ya mwanasaikolojia B. F. Skinner na waliomfuata, yaliyofanywa hasa kwa panya na njiwa, yalionyesha kwamba mnyama anayezawadiwa kila mara huacha kitendo chake upesi zawadi zinapokoma, ilhali yule aliyezoea kuzawadiwa mara moja moja, bila kujua ni lini, huendelea kwa muda mrefu sana baada ya zawadi kukoma. Sababu yake inaeleweka. Paka aliyekuwa akipewa kila siku hutambua haraka kwamba mambo yamebadilika. Paka ambaye amewahi kulia siku tano bila kitu na kupewa siku ya sita hana njia ya kujua kwamba safari hii siku ya sita haitakuja. Kwa mtazamo wake, kuendelea kulia ni uamuzi wa busara.

Kutokana na hilo hutokea hatua moja ngumu ambayo ni lazima mwenye paka aijue kabla ya kuanza, la sivyo itamshinda. Chakula kinapokoma kabisa, kuomba hakupungui hapohapo, bali huzidi kwanza. Paka hulia kwa sauti kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hujaribu vitendo ambavyo hajawahi kuvifanya, hupanda mapajani, huangusha kijiko. Ongezeko hili ni dalili kwamba mbinu ya zamani imeacha kumpa matokeo na kwamba anatafuta nyingine. Ikiwa mtu mmoja nyumbani atalegea katika siku hizo na kutoa hata tonge dogo, paka atakuwa amejifunza kwamba kiwango kipya cha kelele ndicho kinachotakiwa, na hali itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Ndiyo maana ninawashauri watu wasianze mpango huu katika juma wanalotarajia wageni au wanapokuwa na mgonjwa ndani ya nyumba.

Hata hivyo, hatuna haki ya kuupuuza mwito wa paka kabla ya kuhakikisha kwamba hana ugonjwa wala njaa ya kweli. Paka ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba na ghafla akaanza, hasa aliyevuka miaka minane, apelekwe kwa daktari kwanza. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, minyoo, na maradhi ya utumbo yanayozuia virutubisho kufyonzwa vyote vinaweza kumfanya mnyama awe na hamu kubwa ya kula. Anayekula sana huku akikonda, akinywa maji mengi, akitapika au kuhara anahitaji kupimwa damu na mkojo, na mafunzo yasubiri. Baadhi ya dawa nazo huongeza hamu ya kula, zikiwemo zile za jamii ya prednisoloni, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Paka aliyehasiwa au kufungwa kizazi huhitaji nishati pungufu kuliko zamani ilhali hamu yake ya kula mara nyingi hupanda, na mabadiliko hayo mawili yanapokutana na sahani za watu, unene huja bila kuchelewa.

Kuhusu unene, hesabu hueleza vizuri kuliko maonyo. Paka mzima mwenye uzito wa kilo 4 anayeishi ndani ya nyumba huhitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Gramu 30 za jibini gumu, kiasi ambacho mtu hukila bila kufikiri, zina takriban kilokalori 120. Madaktari wa wanyama kwa kawaida hushauri kwamba vitafunio vyote visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kwa paka huyu kilokalori 20 hadi 25, na kiasi hicho kiondolewe kwenye chakula chake cha kawaida.

Ipo pia hatari ya sumu, na sitaipita kimya. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vikiwa vibichi, vimepikwa au vimesagwa kuwa unga wa kiungo, huharibu seli nyekundu za damu za paka, ambazo himoglobini yake (protini inayobeba oksijeni) hushambuliwa kwa urahisi zaidi kuliko ile ya wanyama wengi. Upungufu wa damu unaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya mlo wenyewe, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba paka alilambishwa mchuzi: ufizi huwa mweupe, mnyama hulegea, na mkojo unaweza kugeuka kuwa wa rangi nyekundu au kahawia. Chokoleti, pombe, unga mbichi uliotiwa hamira na mifupa iliyopikwa navyo visimfikie. Maziwa humharisha paka mzima mara nyingi, kwa kuwa uwezo wa kumeng'enya sukari yake hupungua baada ya kuachishwa kunyonya.

Wengine hunieleza kwamba paka wao huomba hata keki, na huliona hilo kuwa ushahidi wa kupenda vitamu. Watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu mjini Philadelphia, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni mojawapo inayohitajika kuunda kipokezi cha ladha tamu haifanyi kazi kwa paka. Anayeiomba keki huenda anavutwa na mafuta yaliyomo, au anavutwa na mtu aliyeishika, kwa sababu kuketi pamoja na mtu huyo na kutazamwa naye ni zawadi inayojitosheleza. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kumsukuma paka, kumkemea, kumwita jina na kumwambia aondoke ni kumpa umakini wetu, na kwa paka aliyeshinda peke yake siku nzima, hata umakini wa hasira hulipa.

Sasa nieleze ninachowaelekeza watu kufanya. Paka ale kabla ya watu kuketi, ili wakati wa mlo wa familia tumbo lake liwe na kitu, na mgawo wake wa siku ugawanywe katika milo midogo minne au mitano badala ya miwili mikubwa. Kwa asili paka ni mwindaji wa wanyama wadogo kama panya, ambaye hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na pengo la saa kumi na mbili kati ya milo ni refu kwake. Pale ambapo watu hawashindi nyumbani, chombo kinachofunguka chenyewe kwa saa maalumu husaidia sana, na kina faida ya pili ambayo naithamini kuliko ya kwanza: chakula huacha kutoka mkononi mwa mtu, na paka huelekeza matarajio yake kwenye chombo.

Kisha afundishwe mahali pake. Chagua mkeka, kikapu au kiti kilicho umbali wa hatua kadhaa kutoka mezani, na uanze mafunzo katika saa ambazo hakuna anayekula. Kila paka anapopanda hapo mwenyewe, tembe moja ya chakula chake cha kawaida iwekwe palepale. Akisha kuzoea, subiri sekunde chache kabla ya kuiweka, halafu dakika moja, halafu zaidi. Ni baada ya hapo tu ndipo zoezi huhamishiwa kwenye wakati wa mlo, nalo huanza na mlo mfupi. Zawadi iwekwe mahali pake, kamwe isitoke mezani wala kwenye sahani ya mtu. Kupuuza peke yake humwambia paka kuwa njia ya zamani imefungwa lakini hakumpi nyingine, na kwa uzoefu wangu familia zinazopuuza tu huchoka kabla ya paka.

Vyombo vyenye matundu, ambavyo paka huvisukuma ili chakula kidondoke, vinafaa kwa wengi, ila visilazimishwe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba paka wakipewa uchaguzi huelekea kukipenda chakula kilicho wazi kwenye sinia kuliko kile kinachohitaji kufanyiwa kazi. Anza na chombo chenye matundu makubwa, na kama paka hakitaki baada ya kukijaribu kwa uvumilivu, kiache.

Kumnyunyizia maji, kumpigia kelele au kumchapa sikubaliani nako kabisa. Paka huunganisha hofu na mtu aliyekuwepo, hujifunza kupanda meza mtu huyo anapotoka, na nia yake ya kutaka chakula hubaki vilevile. Kwa paka anayepanda meza, funika vyakula, osha vyombo mapema, na mpe mahali pengine pa juu pa kukaa.

Ugumu mkubwa, lakini, huwa kwa watu. Karibu kila nyumba ina mmoja anayetoa kwa siri, mara nyingi mzee au mtoto, na hutoa kwa mapenzi. Kumkataza mtu huyo hakufai kitu kwa muda mrefu, kwa sababu kunamnyang'anya njia yake ya kuonyesha upendo. Ninachofanya ni kumkabidhi yeye kazi ya zawadi: asubuhi apimiwe tembe za siku hiyo katika kikombe kidogo, na yeye ndiye awe mtoaji pekee, kule kwenye mkeka wa paka. Nimeona nyumba ambazo mpango ulikuwa umekwama kwa muda mrefu zikitulia baada ya badiliko hilo moja.

Paka mnene asinyimwe chakula ghafla kwa kisingizio cha kumfunza adabu. Akikaa bila kula kwa siku mbili au tatu, mafuta ya mwili yanaweza kurundikana katika ini na kusababisha ugonjwa unaoua. Kupungua kwa uzito kwa takriban asilimia 1 kwa wiki, chini ya uangalizi wa daktari, kunatosha.

Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache hadi wiki kadhaa, kutegemea urefu wa historia ya paka husika. Hata baada ya utulivu wa miezi, tabia ya zamani inaweza kuibuka ghafla bila yeyote kuwa ametoa kitu, au kwa sababu mgeni alidondosha kipande cha samaki. Katika hali hiyo rudini kwenye utaratibu uleule siku hiyohiyo, mgeni naye aelezwe kabla ya mlo unaofuata. Safari hii kelele huisha mapema zaidi, mradi mkeka haujaondolewa na zawadi yake bado inatolewa hapo.