Slabu imeshamwagwa?

Gunia la sukuma wiki lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 80, likishajaa udongo na kumwagiliwa, lina kilo 250 hivi. Manne tu kwenye roshani ni tani nzima. Ndiyo maana mwenye ploti akiniita nimshauri kuhusu kilimo cha wima, yaani mboga za kupanda kwenda juu kama hizi za magunia, kwenye nyumba anazojenga, kwanza humuuliza: slabu, yaani zege la sakafu, imeshamwagwa?

Mimi ni bwana shamba, na bustani za magunia nilijifunza Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ambako baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 shirika la Solidarités la Ufaransa lilisaidia familia nyingi kuzianzisha. Ufundi wote uko katikati ya gunia. Unasimamisha mkebe usio na kitako, unaujaza kokoto, unazungushia udongo wenye samadi, kisha unauvuta mkebe juu na kujaza tena hadi mdomoni. Maji hushuka kwa mnara huo wa mawe yakaifikia mizizi ya chini. Bila mnara, juu panaoza na chini panakauka. Miche unaichomeka ubavuni, kwenye matundu ya kisu.

Kibera gunia hukaa ardhini. Ghorofani ni habari nyingine. Niliwahi kuitwa mahali ambapo wapangaji walipanga magunia juu ya paa la zege lisilo na mteremko wala kinga ya maji. Sukuma zilinawiri kweli. Masika yalipokwisha, dari ya mama aliyekaa chini ya paa hilo ilikuwa imeota ukungu mweusi, na plasta ikidondokea kitanda cha mtoto. Mwenye nyumba akaamuru magunia yote yatupwe. Iliniuma sana, kwa sababu mboga hazikuwa na kosa.

Singapore, kwenye jengo la Kampung Admiralty lenye nyumba 104 za wazee, bustani ya mboga ya juu ilikuwamo tangu kwenye michoro. Hapa kwetu pia inawezekana. Nairobi maji ni ya mgao, kwa hiyo nataka bomba la pekee litoke kwenye sinki za kunawia mikono hadi tangi la bustani. Ukuta ukiwa bado mawe matupu, hiyo ni kazi ndogo ya fundi bomba; vigae vikishabandikwa, ni kubomoa.

Wiki hii nina ramani ya nyumba ya ghorofa nne. Mhandisi ameshakubali kuongeza nondo kwenye roshani za upande wa mashariki.