Vizibo vya soda na uzi: kusomea kompyuta Nairobi bila kuona

Kila msimu wa wanafunzi wapya, wazazi hunipigia simu na swali lilelile: "Mwanangu haoni, naye ameitwa chuo kusomea kompyuta. Ataweza?" Nawajibu ndiyo, tena bila kusita. Mimi sioni, nilisomea sayansi ya kompyuta hapa Nairobi, na leo kazi yangu ni kukagua tovuti na programu za simu ili nijue kama mtu mwenye ulemavu anaweza kuzitumia.

Kompyuta yenyewe si kikwazo. Kuna NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha James Teh, naye Mwaustralia asiyeona, akajiunga naye. Unaipakua bure. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu ambayo wengi huniambia kuwa asiyeona hawezi kuimudu kwa sababu nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari zina maana. Ukikosea nafasi moja, programu inakataa kukimbia.

Basi ngoja nieleze ninavyofanya. Katika mipangilio ya NVDA nimechagua nafasi hizo zitangazwe kwa mlio, na kila nafasi inayoongezeka hupandisha mlio kidogo. Nikishuka kwa mshale na mlio ukapanda, najua nimeingia ndani ya kitanzi, yaani hatua zinazorudiwarudiwa. Ukipanda tena, nimo ndani ya sharti, yaani hatua zinazofuatwa tu jambo fulani likiwa kweli. Ukishuka, nimetoka. Alama nazo nimeziweka zisomwe zote, kila mabano na kila nukta mbili. Wiki ya kwanza kichwa kinauma, lakini baada ya mwezi sikio linanasa kosa kabla sijaikimbiza programu.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye vifaa vya kusomea. Mhadhiri anaonyesha ukutani akisema, "Hii inaingia hapa, halafu inarudi pale." Hapa wapi? Kisha anatuma maelezo ya somo katika PDF iliyopigwa skani, yaani picha tupu, na programu yangu haina cha kusoma. NVDA inaweza kuyatambua maandishi yaliyo kwenye picha, na kwa insha inasaidia. Kwa Python ni hasara, kwa maana nafasi za mwanzo wa mstari huvurugika na msimbo, yaani maandishi ya programu, unakufa. Wahadhiri wangu wapendwa, tumeni faili lile la awali mliloliandika kwa mikono yenu, tena kabla ya kipindi. Ni kazi ya dakika moja.

Michoro ndiyo ilinitesa zaidi. Katika somo la hifadhidata, yaani namna ya kupanga na kutunza taarifa kwenye kompyuta, kulikuwa na mchoro wa majedwali na uhusiano wake, na nilikuwa nimekata tamaa. Jioni moja bwenini, mwenzangu wa darasa alichukua kipande cha katoni, akabandika vizibo vya soda, kila kimoja kikiwa jedwali, akaviunganisha kwa uzi wa kushonea. Akanishika kidole: "Hiki ni mwanafunzi. Fuata uzi." Nikafuata. Mwishoni, kwenye kizibo cha kozi, nikakuta nyuzi tatu zimetawanyika kama vidole vya kuku. Mwanafunzi mmoja, kozi nyingi. Nikaelewa papo hapo. Siku hizi nachora kwa PlantUML: unaandika maneno, yenyewe inachora. Muhimu ni mhadhiri akubali kusahihisha kazi iliyoandikwa hivyo.

Mtihani mmoja bado unaniuma. Nilipewa mtu wa kunisomea maswali ambaye hakusomea kompyuta, mtu mpole kabisa, ila alama moja ya sawasawa na mbili zilizofuatana alizisoma vilevile: "sawa". Moja inaweka thamani, mbili zinalinganisha. Nilijibu swali ambalo halikuulizwa. Tangu hapo nasisitiza mtihani uwe faili, ufanywe kwenye kompyuta iliyokatwa intaneti, pamoja na muda wa ziada.

Sisi wasioona hatuko peke yetu. Mwenzetu kiziwi alikuwa na mkalimani hodari wa lugha ya ishara, lakini istilahi nyingi hazikuwa na ishara, ikabidi zitajwe herufi kwa herufi kwa vidole huku mhadhiri akiwa ameshafika slaidi nyingine. Na anayetumia kiti cha magurudumu, maabara ikiwa orofa ya tatu na lifti imeharibika, huyo somo limempita.

Kwa hiyo, mzazi, msaidie mwanao ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kisha aandike barua kwa mkuu wa idara, ataje Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayompa haki ya kufikia taasisi za elimu na kupata vifaa vya kumsaidia. Aorodheshe anachohitaji bila kuzungukazunguka: faili za awali, mitihani kwenye kompyuta, muda wa ziada, maabara anayoweza kuifikia. Aipeleke wiki ya kwanza, na asiondoke pale kabla nakala yake haijagongwa muhuri.